Nimekula Supu ya Dagaa Japani, na Nimeona Aibu

Najua nimepotea. Mitihani ilinibana, halafu maabara nayo haina huruma, unaingia saa tatu asubuhi unatoka usiku ukiwa unanuka dawa. Wanaoniuliza kama bado nipo hai, nipo jamani, tena nimenenepa. Na leo nataka kuwasimulia kilichoninenepesha, maana kila nikiongea na washkaji wa nyumbani swali ni lile lile: "Vipi huko, unakula samaki wabichi?"

Samaki wabichi nimekula, sikatai. Sushi ni tamu, tusidanganyane. Lakini chakula nilichokipenda kuliko vyote hapa Japani hakina hata kipande kimoja cha samaki mbichi. Kinaitwa udon. Ni tambi nene za unga wa ngano, nyeupe, nene kama penseli hivi, zinazoogelea kwenye supu ya moto. Bakuli dogo hapa ninapokula ni yeni 350. Kwa maisha ya mwanafunzi hiyo ni bei ya kirafiki kabisa.

Kwa wasiojua, mimi niko Takamatsu, makao makuu ya mkoa wa Kagawa, kwenye kisiwa cha Shikoku. Kagawa ndio mkoa mdogo kuliko yote 47 ya Japani kwa eneo, kilomita za mraba 1,900 hivi. Zamani eneo hili liliitwa Sanuki, ndio maana udon ya hapa inajulikana nchi nzima kama Sanuki udon. Na watu wa hapa wanaipenda hadi unacheka. Mwaka 2011 mkoa wenyewe ulianza kujitangaza kwamba ni "Mkoa wa Udon". Hebu fikiria mkoa wako ujitangaze rasmi kuwa ni Mkoa wa Ugali!

Sasa sikilizeni mkasa.

Nilikuwa na wiki ya tatu tu hapa. Kijapani changu kilikuwa asante, samahani na choo kiko wapi, basi. Siku hiyo Jumamosi nikasema leo sipiki, nakwenda kula nje kama binadamu wengine. Nikaingia kwenye kibanda kimoja cha udon karibu na ninapoishi. Nasema kibanda kwa sababu hakina mbwembwe zozote: meza sita, viti vya kubanana, mvuke umejaa, na foleni ya mafundi waliovaa sare za kazi. Kwa kwetu ungesema ni kwa mama ntilie, ila mama ntilie mwenye mashine ya kupokea hela.

Utaratibu wake ni wa kujihudumia. Unachukua sinia, unasema unataka bakuli kubwa au dogo, wanakupa tambi zilizokwisha chemshwa lakini zimepoa, ukipenda unachukua na vitu vya kukaanga (kuna viazi vitamu, kuna ngisi, kuna mayai), unalipa, halafu mengine unamalizia mwenyewe. Hapo kwenye "mengine" ndipo mshamba nilipoumbuka.

Mbele yangu kulikuwa na sufuria kubwa la maji yanayochemka na vichujio vyenye mpini mrefu. Nikamwona jamaa wa mbele anatia tambi zake kwenye kichujio, anazizamisha sekunde chache, anazirudisha kwenye bakuli. Nikaelewa. Au nilidhani nimeelewa. Nikazamisha zangu, nikazirudisha, halafu nikachukua upawa nikachota yale maji ya moto nikajaza bakuli. Nikajua ndio supu yenyewe! Nikamwagia majani ya kitunguu juu, nikaenda kukaa kwa heshima zote.

Nikaonja. Maji. Maji ya moto yenye unga unga. Nikatazama huku na huku, naona wenzangu wanavuta tambi kwa sauti kubwa, fyuuu, fyuuu, wamefumba macho kwa raha. (Huku kuvuta tambi kwa sauti si utovu wa adabu. Kwetu ungepigwa kofi.) Mimi nakula tambi kwenye maji matupu, na moyoni nasema: kumbe chakula cha hawa watu hakina ladha, wanasifiana tu.

Mwenye mgahawa ni bibi wa miaka sabini hivi, wateja wote wanamwita Obachan, yaani kama sisi tunavyosema shangazi au mama mkubwa. Alikuwa ananiangalia tangu nimekaa. Akaja, akachungulia bakuli langu, akaweka mkono mdomoni. Wadau, yule bibi alicheka! Lakini si kicheko cha kudharau, ni kile cha bibi yako akikuona umevaa shati ndani nje. Akasema "oniichan, chigau, chigau", kaka, sivyo, sivyo. Akachukua bakuli, akamwaga yale maji, akanishika mkono wa shati hadi kwenye pipa la chuma lenye koki lililokuwa pembeni kabisa, ambalo mimi nilidhani ni la chai. Akafungua koki. Ikatoka supu ya rangi ya kahawia hafifu, inafuka moshi.

Mvuke ukanipiga usoni, nikasimama kama nimepigwa shoti.

Hii harufu naijua.

Naijua kuliko harufu yoyote duniani. Ni harufu ya mwaloni kwetu Ukerewe saa moja asubuhi, jua linapoanza kuchoma wale samaki wadogo walioanikwa. Ni harufu ya nguo za mama yangu. Ni dagaa, wadau. DAGAA.

Nikamwuliza kwa Kijapani changu cha kuokota: "Sakana?" Samaki? Akasema "iriko". Sikulijua hilo neno. Akaona nimeng'ang'ania pale kwenye koki, akaingia jikoni, akarudi na boksi. Kufungua, nikaona dagaa wakavu, wanang'aa kama fedha, wamenyooka, hakuna hata mmoja aliyevunjika. Wakubwa kidogo kuliko wa kwetu, lakini dagaa ni dagaa.

Nikatoa simu hapo hapo nikampigia mama kwa video. Huku ilikuwa saa saba mchana, nyumbani ni saa moja asubuhi, tunapishana saa sita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona asubuhi asubuhi, kuna usalama?"

"Upo mama. Niko mgahawani nakula udon."

"Unakula nini?"

"Udon."

"Udongo?! Mwanangu, hela ya skolashipu imekwisha mpaka unakula udongo?"

Jamani nilicheka mpaka nikashika meza. Nikamwelewesha, nikageuza simu nikamwonyesha lile boksi. Obachan naye akasogea, akainua dagaa mmoja mbele ya kamera kama mtu anayeonyesha pete. Mama akanyamaza. Halafu mfanyabiashara akaamka ndani yake: "Mbona hawana mchanga? Wanaanika wapi? Kilo wanauza shilingi ngapi?" Nikamtafsiria Obachan kwa ishara na programu ya simu. Aliposikia kwamba mama yangu kazi yake ndiyo hiyo, anakausha dagaa na kuuza, yule bibi aliinama. Aliinama mbele ya simu, wadau. Kuinama kwa heshima, kama wanavyoinamia mtu mkubwa.

Mama hakujua afanye nini, akaishia kusema "asante, asante, karibuni." Halafu aliponigeukia akasema taratibu, na tabasamu dogo: "Kumbe hivyo vitu vyetu mpaka Ulaya vinaliwa." (Kwa mama yangu nje yote ni Ulaya, msimcheke.)

Hivyo vitu vyetu. Nikajikuta sina la kusema. Ili mwelewe kwa nini, itabidi niwarudishe nyuma kidogo.

Nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni, mama alikuja kunitembelea. Alitoka Nansio na meli, masaa kwenye ziwa, amebeba ndoo ndogo ya plastiki yenye dagaa wa kukaanga, wenye pilipili na ndimu, aliowaandaa usiku kucha. Wenzangu waliletewa siagi, biskuti, maziwa ya unga. Nilipofungua ile ndoo bwenini wakaanza: "Kuna kitu kimekufa humu!" Kwa mwezi mzima jina langu likawa Kauzu. Mama alipokuja mara ya pili nikamwambia, na maneno yenyewe nayakumbuka moja moja: "Mama, usiniletee tena hivyo vitu vyenu."

Vyenu. Kama vile mimi natoka nyumba nyingine. Wakati ada, sare, godoro nililokuwa nalalia, kila kitu kilitoka kwenye dagaa.

Hakusema kitu. Toka siku hiyo akawa analeta biskuti. Na hajawahi kulirudia lile neno mpaka siku ile kwenye simu, miaka zaidi ya kumi baadaye. Sijui kama alikusudia. Lakini mimi nililisikia.

Basi, tuje kwenye hoja, maana sikuandika haya yote ili mnionee huruma. Hoja yangu ni hii: sisi tunadharau dagaa, na dharau hiyo haina uhusiano wowote na ladha. Ni dharau ya bei. Tunaona kitu cha bei ndogo tunadhani ni kitu kidogo.

Sikilizeni hata lugha yetu. Akikamatwa mla rushwa wa shilingi elfu kumi tunasema "huyo ni dagaa tu, papa wako wapi?" Dagaa maana yake mtu asiye na maana. Na msidhani Wajapani ni malaika. Nao wana neno "zako", samaki wadogo wadogo wa kuchanganya, na wanalitumia vile vile kwa mtu asiye na cheo. Dagaa huyu wa udon yumo kwenye kundi la samaki waitwao iwashi, na herufi yake imeundwa kwa alama mbili: samaki na dhaifu. Samaki dhaifu! Kwa hiyo matusi tumelingana. Tulipoachana ni kwenye namna ya kumshughulikia huyo dhaifu.

Dagaa wa supu ya Obachan wanatoka kisiwa kinachoitwa Ibuki, hapa hapa mkoani. Wanavuliwa hasa kiangazi. Wakitoka majini, boti za mbio zinawakimbiza ufukweni, wanachemshwa na kukaushwa haraka kabla hawajaharibika. Jikoni nako kuna kazi. Obachan anatoa kichwa na utumbo, kwa sababu ndivyo vinavyoleta uchungu, halafu anawaloweka kwenye maji usiku kucha pamoja na mwani mkavu unaoitwa kombu. Asubuhi anapasha moto taratibu, anachuja, anaongeza sosi ya soya kidogo. Kwisha. Hakuna mafuta, hakuna kiungo cha pakiti.

Na kwa kuwa nasoma sayansi ya chakula, niruhusuni dakika moja ya lekcha. Mwaka 1908 profesa wa kemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alichunguza mwani huo wa kombu akapata kinachoupa utamu wake, glutamati, akaiita ladha hiyo umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akapata nyingine, inosinati, kwenye samaki mkavu jamii ya jodari. Dagaa wakavu nao wana hiyo inosinati. Zikikutana hizo mbili kwenye sufuria moja, kila moja inaipandisha mwenzake, ladha inakuwa kubwa kuliko ukizijumlisha. Sasa nani kati yetu hajui kwamba dagaa wakipikwa na nyanya mchuzi unanoga kuliko matarajio? Nyanya nayo ina glutamati nyingi. Bibi zetu walikuwa wanafanya kemia hiyo bila kuandika karatasi.

Najua kuna mtu ameshaanza: "Ah, Wajapani matajiri bwana, wana mashine, usitulinganishe." Hapana, ngoja. Udon haikuzaliwa kwenye utajiri. Eneo hili lina mvua chache kuliko sehemu nyingi za Japani, mito yake mifupi, maji ya kulimia mpunga yalikuwa shida, ndio maana wakachimba mabwawa kwa maelfu. Ngano ikakubali. Chumvi walikuwa nayo pwani, sosi ya soya inatengenezwa kisiwa cha Shodoshima, dagaa wako baharini. Wakachukua walivyonavyo, unga, chumvi, maji na dagaa, wakavifanyia kazi mpaka vikawa fahari yao. Hata unga wanaukanda kwa miguu! Unga unafungwa kwenye plastiki, mtu anapanda juu anaukanyaga, kama sisi tunavyokanyaga udongo wa nyumba. (Mama hakukosea sana, eeh?) Na leo sehemu kubwa ya ngano ya udon inatoka Australia, kwa hiyo hata kiungo chenyewe kikuu wanaagiza. Kilicho chao kabisa ni ile kazi na ile heshima.

Kwetu je? Dagaa wa Ziwa Victoria wengi bado wanaanikwa kwenye mchanga. Mvua ikinyesha, mzigo wa usiku mzima unaoza, na ule uliobaki na mchanga unauzwa bei ya kutupa, unaishia kuwa chakula cha kuku. Mama yangu ameshasimama kwenye mvua akiokota dagaa kwa mikono miwili, namkumbuka. Halafu mlaji wa mjini anatafuna mchanga anasema "unaona, dagaa ni chakula cha shida". Si dagaa, ndugu yangu. Ni kichanja kilichokosekana. Vichanja vya kuanikia juu ya ardhi vipo, si teknolojia ya mwezini, lakini nani atawekeza hela kwenye kitu anachokionea aibu? Na ushahidi tunao nyumbani. Dagaa wa Kigoma wana jina, mtu anawaulizia kwa jina na yuko tayari kulipa zaidi. Kule Zanzibar wanawachemsha kwa maji ya chumvi kabla ya kuwaanika, karibu sawa na Ibuki, na Wakongo wanawanunua. Kwa hiyo tunaweza. Tunachokosa ni kuacha kuona haya.

Na hapa simnyooshei mtu kidole, najinyooshea mimi. Nilisafiri kutoka kisiwa kimoja cha dagaa hadi kwenye mkoa mwingine wa dagaa, ndege tatu na treni, ndipo nikajua kwamba harufu niliyoificha bwenini ni harufu ambayo watu hapa wanaipangia foleni. Ilibidi bibi wa Kijapani amwinamie mama yangu ndipo nione kwamba mimi mwanawe sijawahi.

Ile Jumamosi nilirudi kwenye meza yangu, nikala bakuli lote, nikavuta tambi kwa sauti fyuuu kama mwenyeji, nikanywa supu mpaka tone la mwisho. Bakuli unarudisha mwenyewe dirishani, ndio utaratibu. Obachan akanifungia dagaa kidogo kwenye mfuko, akakataa hela.

Usiku nilimpigia mama tena. Nikamwambia, mama, nisamehe kwa yale maneno ya shule. Akasema, "Maneno gani tena?" Nikasema yale ya ndoo. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Aaa, ulikuwa mtoto wewe. Kula ushibe, usome." Halafu akaongeza: "Ukirudi nitakukaangia. Ila ndoo utabeba mwenyewe."

Nitaibeba, wadau. Tena nitaifungulia ndani ya basi, madirisha yakiwa yamefungwa, atakayelalamika ashuke! Teh teh teh.

Haya, ni hayo tu kwa leo. Ukiwa mgahawani hapo chuoni kesho, na mama ntilie akakuuliza nyama au dagaa, jaribu kusema dagaa kwa sauti. Nawasilisha. Alamsiki.